Mdomo wa Taifa

Nchi yetu ni nzuri, na asiyeamini atazame picha zake. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa kibali hicho imefungwa kwa ukarabati tangu ilipojengwa.

Katika nchi hiyo alikuwako mpiga picha mkuu wa serikali, jina lake Hatibu Mavura. Alikuwa mtu mpole, bega moja limeshuka kwa kubeba mikoba, na kazi yake aliijua vilivyo. Alikuwa na lenzi pana ya kupigia majengo ya serikali ili yaonekane makubwa. Alikuwa na lenzi ndefu ya kupigia mikutano ya hadhara, ile inayowavuta watu waliotawanyika uwanja mzima wakaonekana wamebanana kama dagaa kwenye fungu. Mkutano ukipwaya, Hatibu alichomoa lenzi pana, akachomeka ndefu, akapiga goti, na asubuhi magazeti yakaandika kuhusu bahari ya watu. Mbuzi waliokuwa wakipita nao walihesabiwa, maana na wao ni wakazi.

Siku moja, nyuma ya jukwaa, Waziri wa Picha na Taswira, Mheshimiwa Sudi Makeke, alimkuta Hatibu akibadilisha lenzi. Waziri akasimama ghafla kama mtu aliyefumania.

"Mavura! Umeing'oa jicho!"

"Linatoka, Mheshimiwa. Unatoa hili, unaweka jingine."

"Jingine la nani?"

"Lolote, mradi lilingane na mdomo wa kamera. Huu mduara wa chuma hapa mbele ndio tunauita mdomo."

Waziri aliinama akachungulia. "Na kioo chake kiko wapi? Marehemu baba alikuwa na kamera, ilikuwa na kioo ndani."

"Hizi za kisasa hazina kioo, Mheshimiwa. Ndiyo maana ni nyepesi."

"Haina kioo cha kujitazama," alisema Waziri polepole, kama anayesoma mashtaka. "Jicho inabadilisha ikitaka. Na mdomo wake unapokea chochote inachopewa. Mavura, hicho kinachoning'inia shingoni mwako ni kamera au ni mhuni?"

Maneno hayo yalirudiwa redioni jioni ile, na sisi wananchi tukaona haya kwa niaba ya kamera.

*

Tume iliundwa. Ilisafiri ng'ambo kwenda kutazama midomo ya kamera za wenzetu, ikarudi na masanduku mengi, mengine yakiwa na manukato, na pendekezo moja: taifa liwe na mdomo wake. Itengenezwe pete ya chuma, ifungwe kwa skrubu mbele ya kila kamera nchini, na lenzi yoyote ipite hapo kwanza. "Kama mgeni anavyopita uhamiaji kabla ya kuingia nchini," alieleza Waziri. Pete hiyo ikaitwa Mdomo wa Taifa. Kazi ya kuitengeneza ilipewa kiwanda cha shemeji yake Waziri, ambacho kilikuwa na uzoefu mkubwa wa mifuniko ya sufuria.

Pete ya kwanza ililetwa kwenye roshani ya wizara, imelazwa juu ya mto mwekundu. Hatibu akaifunga kwenye kamera yake, akachomeka lenzi, akaweka jicho. Uso wa Waziri, aliyekuwa karibu, ulionekana hadi kinyweleo cha mwisho. Hatibu akaelekeza kamera mjini. Mji haukuwako. Palikuwa na ukungu mweupe, na ndani yake madoa ya rangi. Akazungusha lenzi hadi ikagoma. Ukungu.

Alielewa papo hapo. Pete ilikuwa nene. Ilikuwa imeisukuma lenzi mbele kuliko inavyotakiwa, na lenzi ikisogezwa mbele namna hiyo huona ya karibu tu. Neno moja lingetosha: "nene." Lakini shemeji mtu alikuwa amesimama pale kwenye suti mpya, na matarumbeta yalikuwa yanasubiri.

"Vipi?" aliuliza Waziri. "Unaonaje?"

"Naona vizuri, Mheshimiwa," alisema Hatibu, na masikio yake yakawaka moto.

Matarumbeta yakalia.

Haukupita muda watu wakaanza kunong'ona, kwamba magazetini Mtukufu Kiongozi anaonekana safi lakini nchi iliyo nyuma yake haionekani. Waziri hakukwepa swali. Alilijibu uwanjani, mbele ya umati.

"Ndugu wananchi! Wako wanaouliza, mbona nyuma hakuonekani? Nami nawauliza: huko nyuma mnatafuta nini? Taifa linalosonga mbele halitazami nyuma!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kuhusu simu, sheria ilifafanuliwa: picha ya simu si picha bali ni umbea, na umbea una kifungu chake.

Kisha maofisa wa mipango wakagundua faida. Kabla ya ziara yoyote walitangulia na kamera, wakapima ukungu unaanzia wapi, wakachora mstari wa chaki. Mbele ya Mstari wa Ukungu palipakwa rangi, na nyuma ya mstari paliachwa kama Mungu alivyopaacha. Shule zilipata madawati ya safu ya mbele. Barabara ziliwekwa lami kutoka kwenye jukwaa hadi kwenye chaki. Yalikuwa maendeleo ya haraka ambayo hatujawahi kuyaona, na kwa kweli hatukuyaona.

*

Ndipo ikaja zamu ya Kipilipili, mji wetu, alikozaliwa Hatibu, kufunguliwa wodi mpya ya hospitali, yaani ile ya zamani iliyopakwa rangi.

Hatibu hakuwa na mama. Alilelewa na mdogo wa mama yake, Bi Mwanjaa, mwanamke aliyeuza vitumbua akamsomesha, na siku alipopata kazi serikalini ndiye aliyemvua shati lililochanika mabegani akamvisha jipya. Hatibu alimtumia zawadi kila sikukuu. Kwenda mwenyewe ilikuwa ngumu. Kazi za Mtukufu hazina likizo.

Wodi ilinukia rangi. Mbele ya mstari wa chaki vilipangwa vitanda vya kuazima, shuka nyeupe zimenyooshwa, na juu yake wamelala makarani wa ofisi ya wilaya waliovalishwa nguo za wagonjwa. Walichaguliwa wenye afya nzuri, maana Mtukufu hapendi kuona wagonjwa. Wagonjwa wenyewe walisukumwa nyuma ya mstari, kwenye mikeka, wamelala sakafuni kichwa kwa mguu hadi ukutani.

Mtukufu akaingia. Akaushika mkono wa karani wa masijala, akamwambia, "Pole." Karani akajibu, "Ahsante, nimeshapona." Hatibu akapiga goti na kuinua kamera.

"Hatibu! Hatibu mwanangu!"

Sauti ilitoka nyuma, chini, ukutani. Hatibu akashusha kamera kidogo, akamwona. Bi Mwanjaa alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umevimba kama gogo la mgomba, amejifunika kanga ya manjano. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anapunga mkono, na uso wake umefunguka kwa furaha. Wala haukuwa uso wa mtu anayeomba kitu. Alikuwa amemwona mwanawe kazini.

Ofisa wa itifaki, Bwana Mpalule, aliinama sikioni mwa Hatibu. "Yule bibi unamfahamu?"

Mtukufu alikuwa anasubiri, mkono wake bado kwenye mkono wa karani, tabasamu limeanza kuchoka.

"Hapana," alisema Hatibu, akitikisa kichwa.

Akainua kamera, akapiga.

*

Picha ile ilipendwa. Iligeuzwa bango, ikaandikwa AFYA KWA KILA MMOJA, ikabandikwa katika kila ofisi, kila shule na kila hospitali. Hatibu alivishwa Nishani ya Jicho la Taifa. Alipokuwa akivishwa aliinamisha kichwa sana, na watu wakasifu unyenyekevu wake.

Popote alipokwenda bango lilikuwako. Mtukufu na karani wako mbele, safi kama waliochorwa kwa kalamu. Nyuma yao ukungu, na ndani ya ukungu, juu kidogo ya bega la Mtukufu, doa la manjano. Wengine walidhani ni ua. Mwalimu mmoja aliwafundisha watoto kwamba ni jua la matumaini. Hatibu alianza kukaa akiyapa mabango mgongo, hata kwenye vikao, mpaka wakubwa wakamuuliza kama ana tatizo la shingo.

Mwishowe akaomba ruhusa, akaenda Kipilipili.

Vitanda vilikuwa vimerudishwa kwa wenyewe siku ileile ya sherehe. Mikeka sasa ilienea wodi nzima, hivyo walau wagonjwa walipata nafasi ya kujinyoosha. Bi Mwanjaa alikuwa palepale ukutani. Juu ya kichwa chake walikuwa wamelibandika bango.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu! Jamani, ndiye huyu niliyewaambia!" Aliwaita majirani zake wa mikeka, akanyoosha kidole juu ya bango. "Na yule wa manjano ndio mimi. Mwanangu amenipiga picha moja na Mtukufu."

Wagonjwa waliangalia doa, wakamwangalia Hatibu, wakatazama kando kwa adabu. Mmoja alikohoa bila kuwa na kikohozi.

Hatibu alikaa sakafuni, akaanza kumenya chungwa alilomletea. Bi Mwanjaa alingoja wenzake wajigeuzie shughuli zao, kisha akashusha sauti.

"Hatibu. Siku ile uliniona?"

Kisu kikasimama kwenye ganda. "Sikukuona, Mama Mdogo. Watu walikuwa wengi."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanjaa. "Sasa roho yangu imetua. Maana nilikupungia, nikahisi kama macho yetu yamekutana. Nikawa najiuliza, mtoto huyu nimemlea vipi?"

Akapokea chungwa, akala kipande kimoja, akasema tamu. Hatibu akasema anakwenda kunawa mikono.

Alisimama uani kwenye bomba lisilotoa maji. Alitamani mtu aje amtukane, lakini waliopita walimwamkia kwa heshima, maana walimjua kuwa ni mkubwa wa serikali. Nesi mmoja alimshukuru kwa bango. Kila salamu ilimwingia kama mwiba wa samaki kooni. Aliporudi ndani alipiga magoti kando ya mkeka, bila kamera safari hii.

"Mama Mdogo, nilikuona. Nikaulizwa kama nakufahamu, nikasema hapana."

Bi Mwanjaa aligeuzia macho dari. "Najua," alisema. "Nilikuona ukitikisa kichwa. Leo nilikufungulia mlango wa kutokea, nikitumaini hutapita. Ukapita mbio."

Hatibu alilia, mtu mzima mwenye nishani, na wodi nzima ikajifanya imelala.

"Basi, nyamaza," alisema Bi Mwanjaa baadaye, bado hajamtazama. "Machozi yako hayatanipunguzia uvimbe. Una kamera kwenye huo mkoba?"

"Ninayo."

"Nipige picha nionekane. Nionekane uso. Na huyu mwenzangu hapa, na yule mama wa mapacha, na wale kule mlangoni. Wote. Usimwache mtu."

"Hii kamera haiwezi, Mama Mdogo. Ina ile pete."

"Pete si huvuliwa?"

Hatibu alichukua kisu cha chungwa. Akalegeza skrubu, akauvua Mdomo wa Taifa, akauweka sakafuni. Akachomeka lenzi pana moja kwa moja kwenye kamera, akasimama pembeni kabisa ya wodi, akapiga. Kila kitu kikaingia: kuanzia vidole vya mguu wa Bi Mwanjaa hadi mtoto wa mwisho mlangoni, anayenyonya kona ya mkeka.

*

Alimpelekea Bi Mwanjaa nakala moja, ya kwake tu, akarudi mji mkuu. Lakini mwanamke anayejivunia doa atafanya nini akipata uso? Aliwaonyesha wote waliokuja kuona wagonjwa. Mgeni mmoja akaipiga kwa simu. Kabla ya alasiri umbea ulikuwa umefika nchi nzima.

Waziri Makeke aliita waandishi wa habari na kulimaliza suala kisayansi.

"Kamera zote nchini zina Mdomo wa Taifa," alisema. "Mdomo wa Taifa hauoni mbali. Picha hii inaona mbali. Kwa hiyo haikupigwa nchini. Kwa hiyo wagonjwa hawa si wa nchi hii."

Hatibu alikuwa nyuma yake, anapiga picha za mkutano huo. Aliendelea kupiga.

Kwa kuwa wagonjwa wale walithibitishwa kuwa wageni, na walikutwa wamelala ndani ya mipaka yetu, maofisa wa uhamiaji walitumwa Kipilipili. Walivua viatu mlangoni, maana hawakuwa na pa kukanyaga.

"Bibi," ofisa alimuuliza Bi Mwanjaa, "uliingia nchini lini?"

"Siku niliyozaliwa."

"Kupitia mpaka upi?"

"Kupitia kwa mama yangu."

Ofisa aliandika kwamba mpaka huo hautambuliki. Wagonjwa wakapewa siku chache za kujiandaa, kisha malori yangekuja kuwapeleka kwao, popote palipo. Mama wa mapacha aliuliza kama malori yale yana mikeka.

Habari hiyo ilimfikia Hatibu akiwa kwenye korido ya wizara. Hakungoja kuitwa. Aliingia ofisini kwa Waziri bila kugonga mlango, jambo ambalo katika nchi yetu halijawahi kufanywa hata na moto.

"Ile picha niliipiga mimi, Mheshimiwa. Kwa kamera ya serikali. Nilivua pete."

Waziri aliinuka, akafunga dirisha. "Mavura, umechoka. Sema uliipiga ng'ambo. Ulikwenda na tume, au siyo? Tutasema umeipiga ng'ambo, na nishani yako tutakuongezea utepe."

"Wanataka kuwapakia kwenye malori. Yule wa kanga ya manjano ni mama yangu."

"Ulisema humfahamu. Mpalule ameniambia."

"Nilisema," alijibu Hatibu, akitazama zulia. "Na ile siku ya pete, niliposema naona vizuri, sikuwa naona. Ni nene, Mheshimiwa. Ilikuwa nene tangu siku ya kwanza."

Akafukuzwa kazi saa ileile. Alinyang'anywa kamera, lenzi zote, nishani na mkoba. Lakini maelezo yake alikuwa amekwishayatoa kwa sauti mbele ya mlango uliobaki wazi, na makatibu muhtasi wa nchi yetu wana simu kama watu wengine. Malori hayakuja. Serikali ilieleza kwamba yamekosa mafuta.

*

Sasa nieleze yaliyofuata hapa Kipilipili, ingawa sipendi.

Wodi ile sisi sote tulikuwa tunaijua. Hakuna nyumba ambayo haikuwahi kulaza mtu pale. Tulikuwa tunaruka miili ya watu tukiwa na vibakuli vya uji mkononi, tunasema samahani, tunampa mgonjwa wetu, tunaondoka. Tulikuwa tumeona kwa macho yetu na macho hayakuuma. Ilipokuja picha, ndipo tukajiona tulivyokuwa tunaruka.

Hakuna aliyeitisha kikao. Baada ya sala ya alasiri tu, mtu mmoja alionekana anashuka barabara ya hospitali na godoro kichwani. Nyuma yake mwingine. Halafu wengi. Godoro lina wema wake: ukilibeba kichwani linafunika uso, hivyo hakuna aliyelazimika kumwamkia mwenzake. Fundi seremala alileta vitanda ambavyo havijapigwa vanishi. Mwenye hoteli alileta vyake, na wageni wake wakalala kwenye viti. Tuliviweka, tukaondoka upesi kama wezi. Polisi walitutazama, wakafungua kitabu cha sheria, wakatafuta kosa, wakakosa la kutuandikia. Mmoja wao akaenda nyumbani, akarudi na mto.

Waziri Makeke alipopata habari hakukasirika hata kidogo. Alikuja kuzindua magodoro.

Alikuja na utepe, na mpiga picha mpya, na hotuba juu ya serikali sikivu. Sisi tulijazana madirishani. Hatibu naye alikuwako, amesimama kizingitini na bakuli la uji la mama yake mdogo, hana kitu shingoni. Waziri akapita katikati ya vitanda, akachagua kitanda cha Bi Mwanjaa, kwa kuwa kanga ya manjano ilikuwa imekwishajulikana nchi nzima. Akainama kidogo, akanyoosha mkono, akageuza uso upande wa kamera.

"Mama," alisema kwa upole, "tabasamu."

Bi Mwanjaa aliutazama mkono ule. Akaishika shuka kwa vidole viwili, akaivuta taratibu, ikapita kifuani, ikapita kidevuni, akajifunika gubigubi.

Jirani yake akavuta yake. Mama wa mapacha akajifunika na mapacha wake. Ikaenda hivyo kitanda kwa kitanda mpaka mlangoni, na wodi nzima ikawa shuka tupu.

Waziri alibaki ameunyoosha mkono. Akautazama kama si wake, akautia mfukoni, akautoa tena. Mpiga picha mpya akauliza kwa sauti ndogo, "Nipige, Mheshimiwa?" Wasaidizi wakatazama chini. Bwana Mpalule akatazama chini. Hatibu, na bakuli lake, akatazama chini, na sisi wa madirishani nasi tukatazama chini; na huko chini palikuwa na sakafu tupu, imefagiwa, haina mtu.